Pasolini, Palestina na Mabati ya Mzee wa Kigoma

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha kuwa mwenyeji wa kundi la watu wa filamu waliokuja Kigoma. Walikuwa wanatafuta mahali pa kushuti igizo kuhusu wamisionari wa kwanza waliofika Ziwa Tanganyika, mambo ya miaka ya 1870 huko. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, kuwatambulisha kwa wenyeviti wa vijiji, na kuwaambia gari linaishia wapi. Siku ya tatu tukafika kijiji kimoja kando ya ziwa, wakakipenda palepale. Mitumbwi ipo, miembe ipo, mchanga upo. Tatizo likawa mabati. Nyumba tatu zilizo karibu na maji zilikuwa zimeezekwa mabati mapya, na moja ilikuwa na sola juu yake. Mwongozaji akaniomba nimuulize mwenye nyumba kama wanaweza kuyaezua kwa siku nne, waweke nyasi, halafu wayarudishe. Watalipa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao wamisionari walikuja kutuambia nini?" Nikasema walikuja kuhubiri habari njema. Akacheka. "Sasa habari njema ikishafika, mtu anarudishwa kwenye nyasi?"

Hawakushuti pale. Walikwenda kijiji cha pili, wakakubaliwa. Filamu yenyewe sijaiona hadi leo.

Nililikumbuka swali la mzee hivi karibuni, usiku mmoja umeme ulipokuwa umerudi saa nne, nikitazama filamu ya 1965 ambayo hata wapenzi wa sinema wengi hawaitaji. Inaitwa Sopralluoghi in Palestina, yaani, kwa Kiswahili cha kawaida, safari za kukagua maeneo huko Palestina. Haifiki saa nzima. Haina mwigizaji hata mmoja. Kuna mshairi wa Kiitaliano, padri, gari na barabara. Mshairi anatafuta mahali pa kushuti maisha ya Yesu. Anazunguka kama wiki mbili. Hapapati. Filamu inaisha.

Ukiisikia hivyo unaweza kusema, sasa hiyo nayo ni filamu? Kwangu ni miongoni mwa kazi muhimu kabisa kuhusu kuandika habari za kale na za imani, kwa sababu inatuonyesha hatua ambayo wasanii huificha: ile siku unafika mahali halisi, na mahali panakataa kufanana na kile ulichokuja nacho kichwani.

Hebu tuanze na mtu mwenyewe. Pier Paolo Pasolini alizaliwa Bologna mwaka 1922. Alikuwa mshairi na mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera. Alikuwa Mkomunisti aliyefukuzwa na chama chake, na hakuwa muumini. Mwanzoni mwa 1963 mahakama ya Roma ilimtia hatiani kwa kuitukana dini ya taifa, na chanzo kilikuwa filamu yake fupi, La ricotta. Nayo inahusu watu wanaoshuti filamu ya mateso ya Yesu. Maskini mmoja amekodishwa kuigiza yule mwizi mwema msalabani. Ana njaa. Chakula chake amewapa mke na watoto. Akija kupata cha kwake anakibugia hadi kupitiliza, na anafia palepale msalabani, watu wakimsubiri aseme mistari yake. Mahakama iliona matusi. Mimi naona mtu aliyekuwa ameshajiuliza swali la mzee wa Kigoma: filamu takatifu inawafanya nini watu maskini inaowatumia?

Mwaka mmoja nyuma, Oktoba 1962, Pasolini alikuwa Assisi, mgeni wa taasisi ya Kikatoliki iitwayo Pro Civitate Christiana. Siku hiyo Papa Yohane wa 23 alikuja mjini, barabara zikafurika, ikawa hakuna pa kwenda. Pasolini akabaki chumbani. Kando ya kitanda kulikuwa na kitabu cha Injili. Akakisoma. Alipomaliza Mathayo alikuwa ameshaamua: ataitengeneza kama ilivyo, bila kuongeza maneno ya kwake. Papa Yohane alifariki Juni 1963, na filamu iliyozaliwa siku ile ikatolewa kwa kumbukumbu yake. Mtu asiyeamini akimtunukia Papa filamu yake. Mambo ya dunia haya.

Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Juni, Pasolini akapanda ndege kwenda kukagua. Aliongozana na padri wa taasisi ile, Andrea Carraro, mtu anayeijua Biblia na kuijua nchi, ili kila wakifika mahali amweleze: hapa palitokea hiki, pale kilitokea kile.

Kabla hatujaingia garini nao, nikukumbushe kitu tunachokijua sote. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya 80 na 90, Yesu wa kwanza tuliyemwona akitembea tulimwona usiku, uwanjani, kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili, jenereta likinguruma nyuma. Ile Filamu ya Yesu. Ilitoka 1979, imefuata Injili ya Luka, na imeingizwa sauti katika lugha zaidi ya 1,000, Kiswahili kikiwamo. Watengenezaji wake walishikilia jambo moja: ishutiwe Israeli kwenyewe, katika nchi ambamo mambo yalitokea. Karibu waigizaji wote walikuwa Waisraeli, ingawa Yesu aliigizwa na Mwingereza, Brian Deacon. Nilipokuwa mtoto, mwinjilisti aliyeileta mtaani kwetu alianza kwa kutuambia hilo: watoto, hivyo vilima mtakavyoviona ni vilevile. Tukatulia tuli. Wazo kwamba uhalisi wa mahali ni ushahidi wa ukweli tulilimeza wakati ule, na sidhani kama wengi wetu tumelitapika.

Pasolini naye alikwenda nalo. Na hapo ndipo filamu inapoanza kuwa tamu.

Kwanza anaikuta Israeli ya 1963. Viwanda, barabara za lami, misitu ya miti iliyopandwa juzi, kibbutz yenye majengo mapya. Kila akiona kipande cha shamba kinachofaa, akigeuza kamera kidogo inakutana na ukuta wa zege. Unamsikia akilalamika: pamekuwa pa kisasa mno. Akifika Nazareti, ni hivyohivyo.

Pili, na hili ndilo lililomtikisa, anakuta kila kitu ni kidogo. Mto Yordani, ambao sisi tumeuimba tangu utotoni kama bahari ya kuvukia mbinguni, ni mto mwembamba tu. Mlima wa Heri ni kilima. Mahali ambapo Yesu alihubiri, akalisha watu, akatembea na wavuvi wake, unaweza kupamaliza kwa macho ukiwa umesimama sehemu moja. Sisi wa Kigoma tuliozoea ziwa ambalo ng'ambo yake ni nchi nyingine, tukiiona Galilaya ile tunaweza kuuliza, ndiyo hiyo?

Pasolini alitarajia ukubwa. Alikuwa amelelewa na michoro ya makanisa ya Italia na filamu za Marekani zenye maelfu ya watu na mahekalu ya mbao. Kumbe mambo makubwa yalitokea mahali padogo, pakavu, pasipo na sifa. Unamwona akibadilika mbele yako. Anaanza kusema juu ya unyenyekevu wa mahali, kwamba udogo ule ndio somo. Hapo ndipo utafiti ulipofanya kazi yake. Hakupata mahali pa kusimamisha kamera, lakini aliondoka akiwa amevuliwa picha za watu wengine.

Kuna mazungumzo mafupi kati yake na padri ambayo nimeyarudia mara nyingi. Padri anajaribu kumfariji. Anamwambia, kwa maana yake, asihangaike na mabadiliko ya juujuu, ajaze roho yake na mahali hapa, kisha akaumbe upya kwingine. Pasolini anamjibu kwamba neno "kiroho" wanalitumia tofauti: kwa padri linagusa dini, kwa yeye linagusa uzuri, yaani umbo la vitu. Wanakubaliana kutokubaliana, kwa heshima, wakiwa wamesimama juani. Hakuna anayejaribu kumshinda mwenzake. Nchini kwetu mjadala wa sanaa na dini huwa unaishia kwenye kufungiana, kwa hiyo dakika ile naiona kama anasa.

Sasa nije kwenye doa. Pasolini anakutana na Wadruzi, Mabedui na wanakijiji wa Kiarabu. Anawapenda kwa macho. Anasifu sura zao. Halafu anasema kitu ambacho kilinifanya nisimamishe video: kwamba nyuso hizi hazifai kwa filamu yake, kwa sababu mahubiri ya Kristo hayakupita juu yake. Ni nyuso za kabla ya Ukristo, kwa maneno yake.

Subiri kwanza. Mtu huyu amepita Nazareti na Bethlehemu. Miji yote miwili ilikuwa na Wakristo Waarabu, familia ambazo babu wa babu zao walibatizwa palepale, zilizokuwa zikisali kabla Roma haijawa na Mtakatifu Petro ya sasa. Kama kuna nyuso duniani ambazo mahubiri yale yamepita juu yake bila kukatika, ni hizo. Tena ilikuwa 1963. Bethlehemu ilikuwa chini ya Jordan, Yerusalemu ilikuwa imekatwa katikati, na nje kidogo ya Bethlehemu kulikuwa na kambi za watu waliokimbia vita ya 1948. Habari ya familia zisizo na pa kulala haikuhitaji kutafutwa mbali. Lakini filamu haishughuliki sana na hilo. Pasolini ameyasoma mawe vizuri kuliko watu. Amewatazama wenye nchi akaona wakati uliopita, wakati wao walikuwa wanaishi mwaka uleule anaoishi yeye.

Basi akarudi Italia, akafanya uamuzi ambao umeingia kwenye historia ya sinema. Yerusalemu yake akaiweka Matera, mji wa Basilicata kusini kabisa mwa Italia, wenye nyumba zilizochimbwa kwenye mwamba. Sehemu nyingine alizishuti Puglia na Calabria. Msomaji wa vitabu atakumbuka kwamba Basilicata ndiko Carlo Levi alikofungiwa na serikali ya Mussolini miaka ya 1935 na 1936, akaja kuandika kitabu ambacho jina lake linasema Kristo aliishia Eboli, yaani hakufika kwa wale maskini wa kusini zaidi. Pasolini akampitisha Eboli akamfikisha.

Lakini Matera nayo si mawe tu. Mwaka 1952 serikali ya Italia ilipitisha sheria ya kuwahamisha wakazi wa mapango yale, watu wapatao 15,000, kwa sababu hali yao ilikuwa imekuwa aibu ya taifa: watu na wanyama chumba kimoja, malaria, watoto wakifa. Pasolini alipofika 1964, mapango mengi yalikuwa yamebaki matupu au yakisubiri kuhamwa. Yerusalemu yake ilikuwa mtaa wa watu waliotolewa. Hakuhitaji kumuezua mtu mabati. Serikali ilikuwa imeshamtangulia. Leo Matera iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993, na mapango yale yale ni hoteli. Mel Gibson naye alishuti huko The Passion of the Christ, iliyotoka 2004. Umaskini ukishahama, nyumba yake hupanda bei.

Si Pasolini peke yake aliyelazimika kupeleka nchi takatifu kwingine. Moustapha Akkad, aliyetengeneza The Message ya 1976, filamu ambayo ndugu zetu wa pwani wameitazama Ramadhani baada ya Ramadhani, aliijenga Makka yake Morocco, na Morocco walipomsimamisha akahamia Libya. Hakuna anayeitazama akasema imani yake imepungua kwa sababu ule mchanga si wa Hijazi.

Na matokeo ya Pasolini? Il Vangelo secondo Matteo ilitoka 1964, nyeusi na nyeupe, ikapata Tuzo Maalumu ya majaji Venice, na chombo cha Kikatoliki cha sinema nacho kikaitunuku. Inaanza kwa kimya. Mariamu kijana, mjamzito, amesimama. Yosefu anamtazama. Hakuna anayesema neno, na wewe unaelewa ndoa nzima iko hatarini. Yesu ni Enrique Irazoqui, mwanafunzi wa uchumi kutoka Hispania mwenye miaka 19, aliyekuja Italia kutafuta watu wa kuunga mkono upinzani dhidi ya Franco. Anatembea haraka, anaongea akiwa ametangulia, wanafunzi wanamkimbilia nyuma. Hana ule upole wa kalenda ya ukutani. Mariamu wa uzeeni ni Susanna, mama mzazi wa Pasolini. Akilia chini ya msalaba, unajua ni mama wa mtu kweli. Mtoto wake mwingine, Guido, aliuawa vitani 1945.

Kile alichojifunza Palestina kipo kila mahali, ingawa hakuna jiwe hata moja la Palestina. Mahubiri ya Mlimani hayana mlima. Kuna uso wa Yesu tu, karibu kabisa, mwanga na anga vikibadilika nyuma yake, maneno yakishuka kama mvua. Mtu asiyefika kwenye kile kilima kidogo angeweka umati wa watu elfu tano na kamera juu ya helikopta. Kesi ya Yesu tunaiona kutoka nyuma ya vichwa vya watu, kamera ikichungulia mabegani kama mimi na wewe tungechungulia, hatusikii vizuri, hatuoni vizuri. Nimewahi kuripoti mahakamani. Hivyo ndivyo hukumu inavyoonekana na ndugu wa mshtakiwa.

Halafu kuna muziki. Kuna Bach, kuna Mozart, kuna Odetta akiimba kwa uchungu wa Wamarekani weusi. Na kuna ngoma na sauti ambazo mtu wa Kigoma anazitambua kabla ya kuambiwa: Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mtindo wa Kikongo na waimbaji wa Kamina, Katanga, chini ya Padri Guido Haazen, na kuanza kusikika 1958. Ng'ambo ya ziwa letu. Utukufu wa mojawapo ya filamu maarufu kuhusu Yesu zilizowahi kutengenezwa Ulaya umebebwa na majirani zetu wa Katanga, na sisi tukiulizwa sinema ya dini tunataja shuka jeupe na jenereta. Sijui tunajidai nini.

Ningeweza kuishia hapa na makala ingekuwa ya sifa tupu. Ila kuna sehemu ya pili ya safari, na hiyo inatugusa moja kwa moja.

Mwishoni mwa miaka ya 60 Pasolini alikuja kwetu. Alitaka kuhamishia Afrika ile tamthilia ya kale ya Wagiriki, Orestia ya Aiskilo, akazunguka na kamera Uganda na Tanzania akikagua: huyu anaweza kuwa Agamemnoni, yule anaweza kuwa Oreste. Alishuti Kigoma, sokoni. Alishuti Dar es Salaam, akaona Chuo Kikuu kinaweza kusimama badala ya hekalu la Apolo. Miti ya porini ikawa ndiyo miungu ya kisasi. Filamu kamili haikutengenezwa. Ukaguzi wenyewe ndio uliotoka 1970, kwa jina la Appunti per un'Orestiade africana. Ni pacha wa ile ya Palestina. Sauti ileile, jicho lilelile, kutafuta kulekule.

Na kosa lilelile. Anatafuta ukale kwenye nyuso za watu wa soko la Kigoma. Kigoma! Mji ambao reli iliufikia 1914. Mji ambao meli ya Liemba ilikuwa ikitoka na kurudi na abiria na magunia ya dagaa tangu 1927. Watu aliowaona wa zama za Agamemnoni walikuwa na tiketi za treni mfukoni.

Lakini safari hii alifanya jambo ambalo Palestina hakulifanya. Alizichukua picha zake akazionyesha Roma kwa wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma chuo kikuu huko, akawauliza: mnaonaje? Nao hawakumbembeleza. Mmoja anamkumbusha kwamba Afrika si taifa, ni bara. Wanaliwekea alama ya kuuliza neno "kabila" linalotembea kirahisi mdomoni mwake. Wengine wanaona hiyo Afrika yake ya kufananishwa na Ugiriki ya kale haifanani na nchi walikotoka. Unamwona akijitetea, akizungukazunguka. Angeweza kuikata sehemu hiyo. Ameiacha.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Pasolini ni hii. Ni msomaji hodari wa mahali na msomaji mbovu wa watu wa mahali, lakini ana uaminifu wa kutuachia makosa yake tuyaone. Filamu zake mbili za ukaguzi ni bora kuliko mahojiano yoyote kuhusu ufundi, kwa sababu zinaonyesha hatua mbili za utafiti ambazo sisi tunazichanganya. Ya kwanza ni kwenda mahali ili pakuvue mawazo yako. Hiyo aliifanya Palestina, na ikampa kazi bora ya maisha yake. Ya pili ni kuwauliza wenye mahali wanajionaje. Hiyo aliifanya kwa kuchelewa, Roma, kwa wanafunzi, si Kigoma kwa wauza samaki.

Nasema haya kwa sababu foleni ya hadithi zetu ni ndefu. Namugongo ya 1886. Kanisa la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa. Bagamoyo, walikofika mapadri 1868. Kuna vijana wanaandika skripti za mambo haya sasa hivi, wawili wamenitumia. Zote mbili zinaanza kwa kijiji cha nyasi, ngoma kwa mbali, na mzungu anashuka kwenye mtumbwi. Niliwauliza kama wamefika. Mmoja alifika, akapiga picha za mawe, akarudi. Nikamwambia arudi tena, aache kamera hotelini, akae kibarazani kwa mtu.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba wangu ile Orestia. Yeye alikuwa kijana wa Kigoma miaka ile. Nikamwekea kwenye kompyuta, na maelezo ya Pasolini nikamtafsiria mstari kwa mstari: mshairi anatafuta wafalme wa kale. Mjomba hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama karibu na kioo, anatazama mashati. "Hiyo kola ndiyo ilikuwa fasheni," akasema. "Tulikuwa tunajiona watu wa kisasa sana, mwanangu. Uhuru ulikuwa bado unanukia upya."

Kamera ikapita sokoni haraka. Mjomba akanigusa mkono.

"Rudisha nyuma kidogo. Polepole. Dada yangu alikuwa anauza pale."

Tulirudisha mara sita. Hatukumwona. Akaniomba nisiifute.